Ngozi inawaka, damu imetulia: uchambuzi wa kisa cha pemfigoidi

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 79. Ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, na kiharusi alichopata miaka miwili iliyopita kilimwachia udhaifu wa upande wa kulia. Kisa chenyewe kimeundwa kwa ajili ya kufundishia na hakimhusu mtu halisi, ila hakuna kilichomo ambacho daktari wa ngozi atakiona kigeni.

Alianza na muwasho. Kwa miezi mitano aliwashwa usiku na mchana, akapewa dawa za mzio, akapakwa dawa ya upele mara mbili, na bado akawa anajikuna hadi kutoka damu. Mwezi wa sita yakatokea mabaka mekundu yaliyovimba mapajani na tumboni, na juu yake malengelenge makubwa, magumu, yaliyojaa maji ya rangi ya njano, yasiyopasuka upesi. Kinywa kilikuwa kizima. Ngozi nzima iliyo karibu na malengelenge haikuchubuka iliposuguliwa kwa kidole.

Kwa mzee wa umri huu, mwenye historia ya kiharusi, picha hiyo inataja jina lake yenyewe: pemfigoidi ya malengelenge, ugonjwa ambao kingamwili za mgonjwa hushambulia ngozi yake mwenyewe. Magonjwa ya ubongo kama kiharusi, ugonjwa wa kusahau na Parkinson huandamana nayo mara nyingi kuliko bahati peke yake inavyoweza kueleza. Tena kwenye orodha ya dawa zake, kando ya metformini, amlodipini na aspirini, kulikuwa na vildagliptini iliyoongezwa miezi minane kabla ya lengelenge la kwanza. Vildagliptini ni dawa ya kisukari ya kundi la gliptini, na kundi hilo linajulikana kuchochea ugonjwa huu.

Mgongano wa namba

Kliniki iliyomwona kwanza ilipima picha nzima ya damu. Chembe nyeupe zilikuwa 13,800 kwa mikrolita, na kati yake eosinofili, chembe zinazopanda kwenye mzio na minyoo, 3,400, wakati kwa kawaida hazizidi 500. Siku chache baadaye akaanzishiwa prednisoloni ya vidonge, ambayo ni steroidi, miligramu 40 kwa siku, na siku tatu baada ya hapo akapewa rufaa. Alipolazwa damu ilichukuliwa upya: eosinofili 90 tu.

Ngozi ilisema jingine. Wauguzi walihesabu malengelenge mapya 14 ndani ya saa 24. Alama za BPDAI, kipimo cha ukali wa pemfigoidi kilichotolewa mwaka 2012 na jopo la kimataifa la wataalamu, zilifika 68: 41 za malengelenge na michubuko, 27 za mabaka, na sifuri ya utando wa kinywa. Mwongozo wa Ulaya huhesabu chini ya 20 kuwa ugonjwa mwepesi, na 57 kwenda juu kuwa mkali. Huyu alikuwa ameuvuka mpaka wa juu kwa mbali.

Swali lililozuka wodini lilikuwa la haki kabisa. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba eosinofili za damu hupanda pamoja na ukali wa pemfigoidi. Kama ni hivyo, eosinofili 90 maana yake ugonjwa unatulia? Je, malengelenge haya ni mabaki ya moto unaozimika, na dawa ipunguzwe?

Hapana, na sababu iko kwenye kasi ya kila kipimo. Steroidi ya mdomo huziondoa eosinofili kwenye mzunguko wa damu ndani ya saa chache: nyingine zinajificha kwenye tishu, nyingine zinakufa. Siku tatu za prednisoloni zinatosha kabisa kuzishusha kutoka elfu tatu na ushee hadi chini ya mia. Lakini ngozi haiponi kwa saa. Kingamwili zilizokwisha kunasa kwenye mpaka wa tabaka la juu na la chini la ngozi bado zipo palepale, na maji yanaendelea kupenya. Namba ya pili ilipima dawa, haikupima ugonjwa. Iliyokuwa na maana ni ile ya kwanza, iliyochukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza, na ingepotea kama mgonjwa asingekuja na karatasi yake mkononi. Tangu hapo kila tokeo la eosinofili la mgonjwa huyu liliandikwa na tarehe na saa ya dozi ya mwisho ya steroidi pembeni yake, jambo ambalo ningependa kuliona kwenye mafaili yote ya wagonjwa wa aina hii.

Vipimo vya siku ya kulazwa

Kipande cha ngozi kilionyesha mpasuko chini ya tabaka la juu, na eosinofili nyingi. Kwenye imunofloresensi ya moja kwa moja, yaani kutafuta kingamwili zilizonasa kwenye ngozi kwa rangi inayong'aa, IgG (aina ya kingamwili) na C3 (protini ya kinga) vilionekana kama mstari mwembamba kwenye utando wa msingi, na ngozi ilipotenganishwa kwa maji ya chumvi, kingamwili za damu yake zilishika upande wa paa la lengelenge. Jina la ugonjwa likathibitika hapo.

Kipimo cha ELISA, kinachopima kiasi cha kingamwili damuni, cha IgG dhidi ya sehemu ya NC16A ya protini ya BP180 kilisoma yuniti 142 kwa mililita, kwa kifaa ambacho mpaka wake ni 20. BP230 ilikuwa hasi. IgE ya jumla, kingamwili za mzio, 2,150. CRP, kipimo cha uchochezi mwilini, 38. Albumini, protini kuu ya damu, gramu 27 kwa lita. Hemoglobini 10.9. Sukari ya asubuhi 19, shukrani kwa prednisoloni.

BP180 ni protini inayopita katikati ya ukuta wa seli za chini za tabaka la juu na kuzishikiza kwenye utando wa msingi. NC16A ni kipande chake kilicho nje ya seli, karibu kabisa na ukuta, na ndicho kingamwili za wagonjwa wengi hukilenga. BP230 iko ndani ya seli. Ndiyo maana kingamwili dhidi ya BP180 huenda pamoja na ukali wa ugonjwa, ilhali zile za BP230 husaidia zaidi kuthibitisha uchunguzi kuliko kupima hali. Jambo hili halikuja kwa kukisia: mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba panya wachanga wakidungwa kingamwili dhidi ya BP180 ya panya hupata malengelenge. Kingamwili hizi zenyewe ndizo chanzo cha ugonjwa. Hilo linaipa IgG ya BP180 hadhi ambayo CRP au uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, hauwezi kudai.

Huo uwiano wa mwisho nautaja kwa sababu umekuwa maarufu kwenye makala za miaka ya karibuni. Ni rahisi, haugharimu kipimo cha ziada, na una uhusiano fulani na ukali. Kwa mgonjwa aliyekwisha kuanza steroidi sioni faida yake. Steroidi hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, maambukizi hufanya vivyo hivyo, na pemfigoidi nayo. Sababu tatu zinasukuma namba moja upande mmoja.

IgE inahitaji maneno machache zaidi. Hupanda kwa wengi wa wagonjwa wasiotibiwa, na baadhi yao wana IgE inayolenga BP180 yenyewe, hali inayoendana na mabaka ya kuvimba na muwasho kama tuliouona hapa. Ni njia hii ya mzio iliyofanya dupilumabu, dawa inayozuia ishara za IL-4 na IL-13, protini zinazopeleka ujumbe wa mzio, ijaribiwe katika pemfigoidi na kuidhinishwa Marekani mwezi Juni 2025. Hata hivyo IgE ya jumla ikiwa 2,150 na eosinofili 3,400, hakuna anayeruhusiwa kusahau minyoo. Strongiloidi hasa: mnyoo huyu hukaa mwilini kimya kwa miongo, na steroidi zinapolegeza kinga anaweza kusambaa hadi mapafu na ubongo na kuua. Kinyesi kilipimwa, kingamwili za strongiloidi zikatafutwa, vyote hasi. Kama majibu yangechelewa, ningempa ivermektini, dawa ya minyoo, kwanza kisha nisubiri.

Na gliptini? Imeandikwa sana kwamba pemfigoidi ya gliptini huja na wekundu kidogo, eosinofili chache, na wakati mwingine kipimo cha NC16A hasi kwa sababu kingamwili zinalenga sehemu nyingine za BP180. Mgonjwa wetu alikuwa kinyume kwa kila kigezo. Mwenzetu mmoja alitaka kuitetea vildagliptini kwa hoja hiyo. Lakini sura hiyo ya upole si sharti; wagonjwa wengi waliougua wakiwa kwenye gliptini wana ugonjwa wa kawaida usiotofautishika na mwingine. Ikasimamishwa siku hiyohiyo, na kisukari kikahamishiwa kwenye insulini.

Namba iliyotisha

Ukiniuliza ni tokeo gani lilinifanya nirudi kitandani kwake mara ya pili siku ile, si 142. Ni albumini ya 27.

Lengelenge ni mfuko wa protini. Mgonjwa anayetoa malengelenge 14 kwa siku, huku michubuko ya jana ikivuja kwenye shuka, anapoteza albumini kupitia ngozi kama aliyeungua moto, na papo hapo ini lake, kwa sababu ya uchochezi wa mwili mzima, linapunguza kuitengeneza. Ongeza kwamba alikuwa hali vizuri kwa wiki kadhaa. Albumini ya chini imehusishwa na vifo katika pemfigoidi, na hapa ndipo mazungumzo ya vialama vya damu huchanganya mambo mawili: ukali wa ugonjwa na hatari ya kufa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2005 uliowafuatilia wagonjwa ulikuta kwamba kilichotabiri kifo ni umri mkubwa na hali dhaifu ya mwili kwa jumla, si ueneaji wa malengelenge. Mtu wa miaka 60 mwenye nguvu na malengelenge mengi anaweza kuwa salama kuliko bibi wa miaka 90 mwenye machache asiyeinuka kitandani. BP180 inaeleza ukali. Albumini, uzito na uwezo wa kujihudumia vinaeleza hatari ya kufa.

Kwa hiyo matibabu yalichaguliwa kwa kuangalia yote mawili. Prednisoloni ilisimamishwa, siku tatu hazihitaji kushushwa taratibu. Akaanza klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, asilimia 0.05, gramu 40 kwa siku mwili mzima isipokuwa uso, ikiwemo ngozi ambayo bado nzima. Msingi wa uamuzi huu ni jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2002: kwa wenye ugonjwa mkubwa, waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 76 kwa waliopakwa klobetasoli, na asilimia 58 kwa waliomeza prednisoni. Tofauti kubwa kiasi hicho ni nadra kuiona katika tiba ya ngozi. Kupaka gramu 40 kila siku ni kazi ngumu kwa muuguzi na kwa familia, na sehemu ya dawa huingia damuni, hivyo sukari iliendelea kupimwa. Chakula chenye protini ya kutosha kiliandikwa kwenye faili kama dawa, kwa kiasi na saa.

Siku ya tisa

Malengelenge mapya yalishuka hadi manne kwa siku. Muwasho ulipungua, akalala usiku. Asubuhi ya siku ya tisa majibu yakaja: CRP 121, nyutrofili juu.

Kuna makala zinazoonyesha CRP ikipanda na ukali wa pemfigoidi, na pendekezo la kwanza lilikuwa kurudisha prednisoloni kwa sababu «ugonjwa umewaka tena». Ni kosa la hatari kuliko lile la eosinofili. Kupunguza dawa mapema kunamrudishia mgonjwa malengelenge. Kuongeza dawa inayopunguza kinga juu ya maambukizi kunaweza kumuua, na maambukizi ni kati ya vinavyoongoza kuwaua wagonjwa hawa. CRP hubadilika upesi: hupanda ndani ya saa, na uchochezi ukikoma hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi. Inapopanda mara tatu huku idadi ya malengelenge mapya ikishuka, namba hizo mbili hazizungumzii kitu kimoja. Mgonjwa akageuzwa ubavu. Mgongoni, sehemu anayolalia, michubuko miwili ilikuwa na usaha na ngozi ya pembeni ilikuwa ya moto. Usaha ukaotesha bakteria Staphylococcus aureus, akapewa antibiotiki ya flukloksasilini, na CRP ikawa 44 siku nne baadaye bila tone la steroidi ya ziada.

Mguu wa kushoto ulivimba kidogo juma hilohilo. D-daima, kipimo cha damu kinachopanda damu inapoganda, ilikuwa juu, nayo katika pemfigoidi iko juu mara nyingi kwa sababu eosinofili huchochea mfumo wa kugandisha damu. Wagonjwa hawa kweli wana hatari zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa. Kipimo kisichoweza kuwa chini hakisaidii kukanusha. Alipelekwa ultrasaundi, haikuonyesha donge.

Kingamwili isiyotaka kushuka

Wiki ya tatu lengelenge la mwisho lilikauka. Siku ya 30 ELISA ilirudiwa: 118.

Binti yake, aliyekuwa akimpaka dawa kila jioni, alisoma karatasi na kuuliza: «Daktari, mbona mama amepona na hii haijashuka?»

Jibu ni kwamba imeshuka kadiri inavyoweza. IgG ikishatengenezwa hukaa damuni muda mrefu. Nusu yake huondoka kwa takriban siku 21. Hata kama siku ya kwanza ya dawa kiwanda chote kingefungwa, mwezi mmoja baadaye zaidi ya theluthi ya kingamwili za zamani zingekuwa bado zinazunguka, na hakuna kiwanda kinachofungwa siku ya kwanza. Ngozi hupona mapema kwa sababu steroidi huzuia kinachofuata baada ya kingamwili kunasa: kuitwa kwa nyutrofili na eosinofili na kuachiliwa kwa vimeng'enya vinavyokata utando. Kuongeza dawa kwa sababu ya 118, kwa mgonjwa asiye na lengelenge wala muwasho, ni kutibu karatasi. Siku ya 60 ilisoma 71, na mwezi wa tano 39.

Mwelekeo huo una thamani kuliko namba yoyote moja. Kiwango cha 142 cha mgonjwa huyu hakiwezi kuwekwa kando ya 142 ya mwingine na kusema wanaumwa sawa. Uhusiano kati ya BP180 na ukali ni wa kweli ukiangalia kundi. Kwa mtu mmoja unaonekana vizuri zaidi akilinganishwa na yeye mwenyewe, kwenye maabara ileile na kifaa kilekile. Tena wako wazee wasio na pemfigoidi ambao ELISA yao husoma juu kidogo ya mpaka, kwa hiyo chanya dhaifu bila imunofloresensi si uchunguzi.

Katika pemfigasi, ugonjwa wa jamii hii ambao mpasuko wake uko juu zaidi, ndani ya tabaka la juu, jambo hili ni kali kuliko hapa. Kingamwili dhidi ya desmogleini 1, mojawapo ya protini zinazoshikanisha seli za ngozi, hufuata ngozi kwa uaminifu fulani, lakini zile za desmogleini 3 zinaweza kubaki juu kwa mgonjwa ambaye kinywa chake kimetulia kitambo. Anayezifukuza hadi zifike sifuri atampa mgonjwa dawa asizozihitaji.

Kuacha au kutoacha

Dawa ilipunguzwa kwa hatua hadi gramu 10 mara moja kwa wiki, na mwezi wa 12 swali likawa kama iachwe. Hapa ndipo BP180 inapofanya kazi yake bora. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanaoacha matibabu wakiwa na kiwango kinachozidi 27, au imunofloresensi ya moja kwa moja ikiwa bado chanya, ndio ugonjwa huwarudia zaidi.

Kiwango chake kilikuwa 24. Kwa haraka mtu angesema yuko chini ya 27, aache. Lakini 27 ile ilitokana na kifaa ambacho mpaka wake ni 9. Cha maabara yetu mpaka wake ni 20, na yuniti za vifaa viwili hazibadilishani. Kwa kifaa hiki 24 ilituambia tu kwamba yuko karibu na mpaka na bado hajautoka. Kipande kidogo cha ngozi kilichukuliwa pajani: mstari wa C3 bado upo, hafifu. Uzito ulikuwa umerudi, albumini 38, sukari inadhibitika, na gramu 10 kwa wiki hazikumletea ngozi nyembamba ya kutia wasiwasi. Kuendelea kuligharimu kidogo kuliko kurudi mwanzo, ikaendelea kwa miezi minne.

Mwezi wa 16 ELISA ilikuwa 12 na imunofloresensi hasi. Klobetasoli ikasimamishwa. Kwa kuwa ugonjwa ukirudi huwa ni zaidi katika miezi ya mwanzo baada ya kuacha, ELISA ya kifaa kilekile imepangwa miezi mitatu baada ya kuacha. Gliptini imeandikwa kwenye faili na kwenye kadi yake ya kisukari kuwa asipewe tena. Binti ameelezwa kwamba muwasho mpya unaodumu zaidi ya wiki mbili, hata bila lengelenge, ni sababu ya kuja kabla ya tarehe, na kwamba akipewa steroidi popote pengine kwa jambo lolote, aombe damu ichukuliwe kwanza.